Wimbo Ulioanzia Kulia

...na ndiyo maana, Babu, siku ile nilicheka pamoja nao. Tangu nilipokaa kukuandikia nimejaribu kujitetea, nimefuta mara mbili, na kila nikirudi nafika pale pale. Walicheka, nami nikacheka.

Unajua nilivyokuwa. Fungate ilikuwa imekwisha jana yake, hina ingali nyekundu mpaka kwenye vifundo, na kila Haji akigeuza shingo mimi naona mwezi umeandama. Tulikuja Kengeja na wakwe zangu kukuamkia kwa kuwa miguu haikukuruhusu kuja harusini. Ukamtazama Haji kuanzia kofia mpaka ndala, kisha ukaniuliza mimi, "Huyu ndiye mwizi aliyeniibia mke wangu?" Tangu nina miaka minne ukiniita mke wako, na Bibi akiniita mke mwenziwe, na hata siku ile, mbele ya watu wazima wa watu, hukuona haya. Haji akajibu kwamba wizi amekiri ila mali harudishi. Nilimpenda upya papo hapo. Nawe ulimpenda, nilikuona.

Ndipo ukamwomba Bibi alitoe lile karatasi kashani.

Nililijua. Siku moja nilipokuwa na miaka kumi, nikikukanda miguu kwa mafuta ya nazi, ulinisimulia habari zake. Ulikuwa kijana huko Unguja, enzi za Waingereza, ukipuliza tarumbeta katika bendi ya serikali. Mkubwa wa bendi alikuwa Mzungu, aliwafundisha kusoma nota na mtu akikosea humgonga vidole kwa kijiti. Ukajifunza. Ulipokwisha kujifunza ukatunga wimbo wako mwenyewe, ukauandika kwenye ile mistari mitano, ukampelekea ukitumaini bendi itaupiga bustanini mbele za watu. Akauweka juu ya piano, akaupiga kwa mkono mmoja, akakunja uso kama aliyeuma shubiri. Kisha akawaita wenzako waje wasikie. Yeye akacheka, nao wakacheka kwa kuwa yeye kacheka. Akakurudishia kwa ncha za vidole.

Nilikuuliza mbona hukumwambia kitu.

Ukasema, "Nimwambie nini? Yeye ndiye mwenye kusoma."

Kisha ukaniambia nikande kisigino. Hukutunga tena, na mimi nilidhani hadithi imeishia hapo.

Kwa hiyo karatasi lilipotoka siku ile nilijaa fahari mpaka nikakosa pa kuitia. Mume wangu ni mwalimu wa sekondari, lakini fidla kasomea Unguja, anasoma nota kama mimi ninavyosoma ujumbe wa simu. Nikawaambia wakwe zangu, sasa mtasikia wimbo wa Babu yangu, uliokaa kimya tangu zama za mkoloni. Haji akaifungua fidla, akaliegemeza karatasi kwenye deli la maji, akaanza.

Wimbo ulikuwa mbaya, Babu. Ulikuwa kama mtu anayeshuka ngazi kinyumenyume gizani. Mwanzoni Haji akababaika kwa kuwa ukingo wa kushoto umeliwa na mende, akaruka pale palipoliwa, akaendelea na jasho linamtoka. Ami Khamis akauliza kama wimbo huo umeshapelekwa hospitali Chake au bado. Nyumba nzima ikaangua kicheko. Bibi peke yake akainuka akaenda jikoni. Mimi nikatazama uso wa Haji, nikaona ameaibika, nikacheka ili aone kwamba ni mzaha tu. Nilimlinda yeye. Wewe sikukukumbuka.

Nawe ukacheka wa mwisho. Ukamshukuru, ukasema mwanangu umechoka na safari, kula halua. Tulipokuwa tunavaa viatu ukanishika mkono ukaninong'oneza, "Njooni tena. Mje wawili tu."

Nikasema wiki ijayo, inshallah.

Wiki iliyofuata tulikuwa tunatundika mapazia. Nyingine tulialikwa kwa shangazi yake Vitongoji, na tuliporudi tulitembea pwani mpaka kanga yangu ikalowa, na sikutaka siku ile iishe. Ile ya tatu nilisema kesho. Furaha ilinitia usingizi, Babu. Nilikuwa naamka namtazama mtu amelala ubavuni pangu na kusema alhamdulillahi, na siku inapita hivyo hivyo. Ami Khamis akapiga simu alfajiri ya Jumatano. Tulifika Kengeja umeshakoshwa na kuvikwa sanda.

Bibi alinipa karatasi siku ya hitima. Nililiweka katikati ya msahafu nikaogopa kulitazama. Mwezi wa pili wake, Haji akiwa shuleni, nikalitoa. Chini ya nota mna maandishi ya Kiarabu ambayo nimeyaona maisha yangu yote nikidhani ni dua, kama zile ulizokuwa ukituandikia kwa zafarani. Yamevutwa, yametawanywa, herufi huku, herufi kule. Nimekaa chuo cha Kurani miaka saba. Nimekhitimu. Wala sijapata hata siku moja kuyasoma.

Nikaanzia mkono wa kulia, panapoanzia herufi za Kiarabu, kama mtoto, kwa kidole. Si Kiarabu. Ni Kiswahili chetu, kila silabi imekaa chini ya nota yake:

Karafuu zimeiva, nawe hujanijibia.

Nikasimama katikati ya chumba na karatasi mkononi. Maneno yanatoka kulia, basi na nota zinatoka kulia. Uliziandika zifuate maneno, na maneno uliyaandika kama ulivyofundishwa kuandika kabla hujamwona Mzungu wala tarumbeta yake. Yule bwana alianzia mwishoni. Na mume wangu, aliyesoma, alianzia mwishoni.

Nawe ulijua mara zote mbili. Yule wa kwanza hukumsahihisha kwa kuwa alikuwa bwana. Na huyu wa pili ulimnyamazia kwa kuwa ni mkwe, yumo ndani ya kanzu mpya, mbele ya mama yake, na kwetu mkwe haumbuliwi siku ya kwanza. Kwa hiyo ukasubiri tuje wawili tu.

Haji aliporudi nilimwonyesha. Alikaa kitako sakafuni na viatu vyake. Akasema, "Alinisitiri." Hakula mchana ule. Baada ya laasiri tulifunga madirisha akaupiga polepole kutoka kulia. Babu, ni mzuri. Unapanda kidogo, unasita kana kwamba mtu anabisha hodi na kungojea, kisha unapanda tena. Nililia mpaka shemeji yangu akaja mlangoni kuuliza kama tumegombana.

Lakini hauishi. Mende wamekula pale mwisho, maneno na nota pamoja, na Haji hataki kubuni. Anasema fundi haongezi kwenye nguo ya mtu. Aliyebaki kuujua mwisho ni Bibi. Nadhani aliyekuwa hajajibu ni yeye, na ulimwimbia siku zote mlizochuma karafuu pamoja. Ndiyo maana alikwenda jikoni. Sijathubutu kumuuliza, kwa kuwa yumo edani, na katika nyumba ya eda siwezi kuingia na fidla. Nikilala nawaza mambo mawili. La kwanza, vipi akisema sio huu. La pili, vipi akisema ndio huu, kisha akaniuliza mlikuwa wapi zile wiki tatu.

 Nitamwambia kweli, kwamba nilikuwa nafurahi.

Eda inakwisha tarehe ishirini na sita. Mwezi hautakwisha kabla hatujafika. Tutakuja wawili tu, kama ulivyosema. Tutapita kwako kwanza tukusomee Yasini, fidla tutaiacha kwa jirani mpaka tumalize. Kisha tutaingia kwa Bibi, Haji ataupiga kutoka kulia mpaka pale palipoliwa, atanyamaza, nasi tutamngoja Bibi.

Mkeo uliyeibiwa,
mjukuu wako