Violoni ya Kyungu na Mazishi ya Tata Kabeya

Manika, Kolwezi
9 Novemba 1975

Mpendwa yaya Ndaya, dada yetu mkubwa,

Pokea salamu zetu sote. Afya yako huko Kalemie ikoje, na ule mguu je? Sisi tu wazima. Mama anakula vizuri, anakuulizia kila asubuhi. Mvua imeanza.

Jana sitwayeni Mbuyu, kama tunavyotakiwa kumwita siku hizi, mkuu wa wafanyakazi wa kampuni ya madini, alitangaza kwamba mdogo wetu Kyungu ameondolewa katika okestra ya kampuni na kupelekwa kuchimba kwenye shimo la Musonoi. Nilikuwapo ukumbini kwa kazi ya gazeti. Gazeti halitaandika, kwa hiyo nakuandikia wewe.

Ujue kwamba tangu Agosti wanamuziki walitolewa kwenye kazi za ofisini, wakapewa zamu nzima kwenye mashine za kusagia mawe, na jioni mazoezi. Mikono ikavimba. Kyungu akawa anashika upinde wa violoni kama mtu anayeshika nyundo. Mwezi wa kumi waliweka vyombo chini, wakasema hawapigi tena mpaka warudishwe kwenye kazi nyepesi. Msemaji wao alikuwa Kyungu. Mbuyu alikubali wazungumze tarehe 3 ya mwezi huu.

Kabla ya siku hiyo mzee wetu tata Kabeya, mpigaji wa kontrabasi, alikufa kwa ugonjwa wa kifua. Unajua desturi yao: mwenzao hazikwi kimya. Wanakizunguka kiti chake kitupu, wanampigia, ndipo anabebwa. Vyombo vilikuwa vimefungiwa katika depo ya kampuni. Kyungu alikwenda kuomba ufunguo akitegemea matusi. Mbuyu alimpa palepale, akaongeza na kamyo ya kubebea watu. Walimshukuru. Hakuna aliyejiuliza kwa nini, hata mimi.

Tarehe 3 Mbuyu aliingia akitabasamu.

— Basi, batata, wazee wangu, mulipiga, mugomo uliisha. Kazi ilianza tena. Tuzungumuze nini?

— Tulipigia maiti, tata, akajibu Kyungu. Hatukupigia kampuni.

— Violoni ni ya nani? Kamyo ni ya nani? Hata maiti ilikuwa ya kampuni!

Watu wawili walicheka. Mpiga klarineti alisema chinichini: "Na tulimuambia aksanti."

Wengine walirudi kesho yake, mashine na mazoezi kama kwanza. Kyungu alikataa. Ndiyo sababu ya tangazo la jana.

Kyungu yuko hapa nyumbani. Anakula, analala, anaamka. Violoni iko juu ya kabati, hajaigusa. Wewe ndiwe uliyemshika mkono ukampeleka kwa mapadre akajifunze noti. Sikutaka upate habari hii kwa watu wa treni. Usifunge safari. Hakuna la kufanya hapa.

Nisalimie shemeji Amadi, mama mkwe wako Bilonda, na Mwanvua, mwambie asome. Mungu akae katika nyumba yenu na kuwapa usingizi mwema.

Kyungu atairudisha violoni depo Jumamosi tarehe 15, na Jumatatu ataingia Musonoi. Mazoezi ya sikukuu ya serikali ya tarehe 24 yanaanza Jumanne tarehe 18, saa kumi jioni. Mbuyu ameagiza viti viwili vitolewe kabla ya hapo: cha tata Kabeya na cha Kyungu.

Ndugu yako, mwenye kukupenda kama siku zote,
Mukalay