Nyayo zako kwenye shimo la mabua

Baba,

Bado nakuota ukikanyaga mabua ya mahindi. Unazunguka ndani ya shimo na gambuti zako za mgodini, taratibu, ukungu ukishuka mlimani, na mimi nayanyunyizia maji ya mbolea ya urea kwa kopo tulilolitoboa. Ndotoni huchoki, wala mabua hayaishi.

Siku ile ulilifunika shimo kwa nailoni, ukarundika udongo, mabua yalainike yawe chakula cha ng'ombe kiangazi, ukaniambia, "Mama, usifungue mbele ya wakati. Iko inapika." Kabla hayajaiva, tukakuzika hatua chache kutoka hapo. Wakati wa kufungua ukafika, ukapita. Niliogopa, Baba. Ilikuwa kazi yako ya mwisho, na niliona nikiigusa ndipo utakuwa umekufa kweli.

Lakini kiangazi hakijui msiba. Madamu, ng'ombe wako, alikonda mpaka akawa analamba ukuta wa jikoni. Baba mdogo akaja kutoka Kasese na kamba. "Hapa majani iko wapi? Kesho nampeleka soko ya Bwera." Hakukosea. Nikachukua jembe, nikafukua shimo.

Harufu ikanipiga usoni kama vitunguu vya harusi nzima. Sikuwa nimelia tangu mazishi. Nililia hapo, na baba mdogo, ambaye naye alikuwa akipangusa macho, akasingizia urea.

Chini ya nailoni mabua yalikuwa laini, rangi ya asali, na nyayo za gambuti zako zimetapakaa juu yake. Nikatoa kiasi, nikaanika mpaka harufu ikapoa, kama ulivyonifundisha. Madamu akanusa, akageuza shingo kwa maringo yake. Nikanyunyiza chumvi ya Katwe. Akarudi. Akala macho yamefumba nusu, kama anayesinzia, mpaka baba mdogo akakunja kamba yake.

Sasa chai ina maziwa tena. Kila asubuhi nakata mabua kuanzia upande wa zizi, na kila asubuhi nyayo zako zinapungua. Umebaki unyayo mmoja tu, kwenye kona ya mgomba. Jana niliuruka. Leo pia.

Lala, Baba yangu. Mahindi yakivunwa nitavaa gambuti zako, nizijaze matambara zisinipwaye, nikanyage mwenyewe. Na kesho, naahidi, nampa Madamu ile kona.

Binti yako, uliyempa jina la mama yako