Bima ya Meli na Teke la Addey

Jumatatu, 6 Januari
Soko ni keshokutwa. Leo nimezunguka maboma matatu kuangalia ngamia mapema. Meno, macho, nyayo. Garissa hii hakuna dalali anayejua ngamia kama mimi. Daktari wa mifugo mwenyewe huniuliza, ila mbele ya watu hakubali.

Abdi amepiga simu tena. Mtoto wa marehemu kaka yangu, nilimlea mimi, sasa anafanya kazi ng'ambo. Ametukatia mimi na mke wangu Halima tikiti za meli ya watalii. Kutoka Mombasa, siku kumi baharini, kula na kulala humo humo. Inaondoka Februari. Wenye meli wanataka kila abiria awe na bima ya safari. "Adeer," yaani ami, "ziko mbili, ndogo na kubwa. Chagua, mimi nalipa. Lakini chukua kubwa."

Bima ya nini mimi. Nilivuka Tana ya mafuriko na mbuzi wawili kwapani, mamba wakanipisha.

Jumanne, 7 Januari
Nimeenda ofisi ya bima. Ajenti anaitwa Mwende, msichana wa Kitui, mpole, anaongea kama anasoma. Bima ndogo ni ya mizigo kupotea, safari kuvunjika, mguu kuteguka. Haiulizi kitu ila umri. Bima kubwa ni hospitali yote, na helikopta ikufuate huko huko baharini. Lakini fomu yake ina kurasa nne, mbili za magonjwa tu. Tena barua ya daktari. Tena mume na mke wanajaza fomu moja na kutia sahihi wote wawili.

Nilitaka tupatane katikati. Sisi tunapatana kwa vidole, mikono chini ya kitambaa, watu wasione. Na kushika mkono wa mwanamke haifai. Na bei yenyewe imechapishwa. Biashara gani hii.

Nimemwambia ndogo inatosha. Akasema, "Mzee, helikopta ni ghali kuliko nyumba." Nikamwambia mimi sijawahi kulala hospitali.

Hiyo ni kweli. Sijalala. Nilikaa tu kwenye benchi.

Jumatano, 8 Januari
Soko limejaa. Mtu wa Takaba alileta dume mmoja, manyoya yanang'aa, mnunuzi tayari amefungua pochi. Kwetu kabla ya mikono kushikana dalali anauliza mbele ya mashahidi: ana kasoro gani? Mwenye mali akisema hana, na baadaye ikaonekana anayo, mnyama anarudi na mauzo yamekufa. Nikauliza. Akaapa hana. Nikamfinya ngamia kooni. Akakohoa kama lori la mawe.

"Dubow, wewe umewekewa eksirei machoni!" mnunuzi akaniambia. Watu wakacheka mpaka mbuzi wakashtuka. Mtu wa Takaba akavuta ngamia wake, hakuaga.

Nimerudi nyumbani na kifua kizito. Ni jua tu.

Alhamisi, 9 Januari
Vidonge vimebaki tisa. Viko ndani ya kopo la dawa ya minyoo ya ngamia. Halima hagusi hilo kopo.

Jumamosi, 11 Januari
Naandika kwa sababu daftari hili halisomi mtu. Kuandika nilijifunza shule ya bweni. Darasa la sita niliacha shule, kuandika sikuacha.

Mwaka jana, asubuhi moja, nilikuwa namkamua Addey. Ngamia mweupe wa Halima, uzao wa yule aliyepewa na baba yake tulipooana. Kifua kikabana, dunia ikazunguka, nikaanguka. Halima akatoka, akanikuta chini ya miguu ya Addey, maziwa yamemwagika. Nikasema amenipiga teke. Siku mbili baadaye nikaenda kwa daktari peke yangu. Presha. Na moyo unapiga bila mpango. Akanipa vidonge vya kila siku.

Teke likakua. Wiki ya kwanza lilikuwa limeniangusha tu. Kufika Idd lilikuwa limenirusha juu ya ua wa miiba nikatua kwa jirani, nikaomba chai. Watu wanaipenda sana hiyo.

Halima hakuipenda. Alisema mnyama anayetaka kumuua mwenye nyumba hakai hapa. Akalia, halafu akasema muuze. Dalali nilikuwa mimi. Mnunuzi alikuwa Nur, muuza maziwa wa Habaswein. Ikafika pale pa kuuliza kasoro. Mbele ya mashahidi nikasema: anapiga teke.

Nyumbani nimesema mengi. Sokoni uongo wangu ni huo mmoja.

Jumapili, 12 Januari
Abdi anasema fomu mwisho Ijumaa.

Halima amenunua mkoba mpya na viatu visivyoteleza. Anafurahi, hataki nijue. Akiwa anapepeta mchele akaniuliza, "Ukianguka huko majini, mimi namwita nani?"

Nikasema nahodha. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Hapa mtu akianguka ukoo mzima umeshachanga kabla hajainuka. Nimetoa mara nyingi, nimechangiwa pia. Baharini ukoo uko wapi.

Jumanne, 14 Januari
Kwa Mwende tena. Nimemuuliza kama vile namuulizia rafiki. Mtu ana ugonjwa wa zamani, achukue ipi?

"Akichukua ndogo, ugonjwa wa zamani haulipwi. Akichukua kubwa akaficha, bima inavunjika. Ni kama hakununua."

Sheria hii naijua. Miaka thelathini nimewarudishia watu ngamia kwa sheria hii. Sikufikiri nitasimama upande ule wa kamba.

Nikauliza, na mke wa huyo rafiki?

Akaniangalia kidogo. "Wanashushwa wote bandari ya karibu, Mzee. Yeye anabaki na mgonjwa na bili, mahali ambapo hajui mtu."

Nimetoka na fomu ya bima kubwa. Nimeikunja, nimeiweka chini ya kofia.

Alhamisi, 16 Januari
Asubuhi nimechukua barua ya daktari na vidonge vipya. Mchana nimejaza fomu kwa herufi kubwa. Kwenye magonjwa niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Karatasi imechafuka pale.

Halima alisoma yote kabla ya kutia sahihi. Yeye anasoma kuliko mimi.

"Moyo?"

"Moyo."

"Tangu lini?"

"Siku ile ya Addey."

"Na teke?"

"Hakuna teke."

Nilidhani atanililia mimi. Akasema, "Ngamia wangu, Dubow."

Halafu akatia sahihi. Kalamu ikatoboa karatasi. Akasema meli atapanda, helikopta ameiona kwenye fomu, amekubali. Lakini Nur nitamwambia kwa mdomo wangu, mbele ya watu, kama nilivyosema mara ya kwanza.

Naona aibu. Sijui niandike nini kingine.

Ijumaa, 17 Januari
Fomu imefika. Mwende ametazama ile sehemu iliyofutwa, akagonga muhuri. Bima kubwa, na nyongeza ya bei kwa sababu ya moyo. Abdi akasema, "Sawa, adeer." Kisha akasema, "Ungeniambia." Simu ikakatika, au aliikata.

Halima hasemi na mimi. Chai iko. Maneno hakuna.

Jumatatu, 20 Januari
Tumeenda Habaswein, mimi na Halima. Barabara vumbi.

Tulimkuta Nur anakamua. Addey amefungwa kamba miguu ya nyuma. Miezi yote hii, asubuhi na jioni, kwa neno langu. Pale kamba inapokaa manyoya yameisha.

Nikawaita wazee wawili kutoka kibanda cha chai, nikasema. Hakuna teke. Niliugua nikaanguka, nikamsingizia. Nilisema kwa ufupi. Kwa ufupi ni vigumu.

Nur hakukasirika. Akasema, "Nilikuwa najiuliza. Hata nzi hajawahi kumpiga." Akainama, akafungua kamba, akaitundika kwenye mti wa ua. Addey hakusogea.

Halima akamuuliza kama atamuuza. Hauzi. Addey ana mimba. Akizaa wataongea. Halima akasimama shingoni mwa Addey muda mrefu, mkono mmoja tu juu yake.

Wazee wa chai walisema hadithi ya kwanza ilikuwa tamu zaidi. Ni kweli, ilikuwa tamu.

Vidonge havipo tena kwenye kopo. Viko kwenye mkoba mpya wa Halima, pamoja na karatasi ya bima. Tulipofika nyumbani alinipa kimoja na kikombe cha maji, akasimama pale pale. Nimemeza. Akachukua kikombe.