Ile Picha ya Ngoma Niliituma Mimi

Dammam, Saudia, Ijumaa. Ni miaka miwili na miezi minne tangu nitoke Msambweni, na miezi mitatu tangu uzikwe.

Dada Mwanakombo,

Shule niliachia darasa la sita, wajua, kwa hivyo nitasema wazi. Nyumbani wanaulizana ile picha ilitoka wapi. Niliituma mimi.

Ni ya harusi yangu. Mlikuwa wanawake watupu uani, leso viunoni, mwacheza, simu zote zimekusanywa kapuni. Mke wangu aliificha yake, akakupiga picha. Nilipofika huku akanitumia nicheke kidogo, akasema, "Usimwonyeshe mtu."

Ulipotangaza kugombea kiti cha wadi, nikaitia kwenye kundi la vijana wa kwetu na maneno yangu: "Mheshimiwa wetu huyo, sera zi kiunoni!" Kabla ya adhuhuri walikuwa wamekibandika kichwa chako juu ya ng'ombe wa mnada wa Kinango: "Bei maelewano." Kwingine wamekulaza kitandani na mwenyekiti wa chama. Nami nilicheka, Dada. Niliweka vile vikatuni vinavyolia kwa kicheko. Ukanipigia: "Mdogo wangu, nani kaniuza?" Nikakujibu, "Wapuuze, ni utani tu."

Utani. Sokoni walikuzunguka wakiimba, "Tikisa, Mheshimiwa! Tikisa!" Wakakuchania buibui. Ulimzaba mmoja kofi, na hilo kofi nalipenda mpaka leo. Ndipo jiwe likakupata nyuma ya sikio. Video ninayo. Damu inakutoka mdomoni, na anayerekodi bado anacheka. Kicheko hicho nakijua, ni cha Bakari, tuliyekula naye sahani moja. Kutwa nafunga vyuma vya ghorofa, na kila waya ninaoukaza naukaza shingoni mwake. Kisha nakumbuka nani aliyempa picha.

Mama amemfukuza mke wangu, asema ndiye msaliti, kwani wanaume hawakuwemo, na simu yake haikuonekana kapuni. Vijana wa kundi wajua ni mimi, ila wakisema watajishtaki wenyewe. Mke wangu yupo kwao Lungalunga na mtoto. Hajanitaja, Dada. Hata mara moja.

Sitaki kumwambia Mama kwa simu, nitakuwa nimejificha nyuma ya mtandao kama wale vijana.

Mkataba wangu unakwisha mwishoni mwa Rajabu. Mola akurehemu, na ukiweza, unisamehe. Wiki ya kwanza ya Shaabani nitashuka Mombasa, nipite Lungalunga nimchukue mke wangu, nije naye mchana, watu wakitoka msikitini, niseme mbele ya Mama na mbele yao wote. Wakinipiga, sitainua mkono.

Mdogo wako,
Juma