Tazama Kwapani

Mjukuu wangu Nekesa,

Huku mtaani Lucky Summer tu wazima. Babako amepaka nyumba rangi. Mimi nakohoa, ila kubishana sijaacha. Umeniuliza utalinganishaje tamthilia, riwaya na shairi katika insha moja, au uliache somo. Huliachi.

Nilipoacha shule, sababu tusizitaje, nilichambua mitumba sokoni Gikomba. Siku moja Mama Halima, mwenye kibanda, alinipa koti, gauni na blauzi nichague kamera, yaani ile bora kabisa. Nikachukua koti kwa sababu lilikuwa zito. Akazigeuza zote ndani nje.

“Tazama kwapani,” akasema. “Kila nguo huvutika hapo.”

Mshono wa koti ulikuwa umeachia. Wa blauzi, nyepesi vile, ulikuwa imara.

Umesema kazi zako zote tatu zina mama aliyefiwa. Basi hapo ndipo kwapani. Jukwaani ananyamaza mbele ya watu, kwenye riwaya tunasikia anachowaza, kwenye shairi kibwagizo kinamlilia. Uliza kila moja imeshonwaje pale palipovutika.

Mimi niliacha shule kabla ya kuiandika insha kama hiyo. Iandike wewe, uniletee. Nitaigeuza ndani nje.

Kukhu wako