Ukurasa Ambao Sikuuruka

Sahra, abaayo, mdogo wangu,

Assalamu alaikum. Walio makaburini husalimiwa, hilo tulifundishwa sote, basi na barua hii Mungu ataijulia njia. Ni mimi dada yako Halima, yule aliyekuwa akikusuka nywele kwa nguvu mpaka unalia, kisha anakugombeza kwa kulia.

Leo ni wiki ya saba tangu tupate habari. Mvua ilikuwa imekata barabara yote ya Wajir, malori yamekwama, hakuna anayekuja wala anayekwenda. Ayeeyo, bibi yetu, alikuzika siku ile ile uliyokufa huko malishoni, mbele ya Tarbaj, na sisi huku Garissa tukaendelea kula na kucheka siku kumi na tisa nzima. Aliyetuletea habari ni yule mzee wa taar, redio ile ya upepo inayopokea habari za malishoni. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. "Pole, mwalimu. Pole sana. Ilikuwa homa." Nikamuuliza homa ya nani. Ndivyo nilivyojua.

Hooyo, mama wa watu, hapiki tena anjera asubuhi. Anasema mikono inamuuma. Viatu vyako vya shule ameviweka juu ya kabati, kile cha kushoto kimelika upande mmoja kama ulivyokiacha, na ole wake atakayevigusa. Aabo, baba yetu, haongei. Anarudi sokoni kuuza mbuzi, anaswali, analala. Na mimi ninafundisha, kwa sababu nisipofundisha nitafanya nini?

Lakini sikuandikii ili nikupe habari za nyumbani. Ninakuandikia kwa sababu haki yako iko shingoni mwangu, na sijui nimpelekee nani.

Unakumbuka sanduku la vitabu vya picha lilipofika shuleni? Jamani, tulivyofurahi! Tulikuwa na vitabu vya hesabu vilivyochanika tu, mara ghafla vitabu vyenye rangi, karatasi nzito, vinanukia upya. Nikachagua kile cha mbuzi, nikasema watoto wetu mbuzi wanawajua. Mbuzi yule alikuwa na mguu uliopinda. Kurasa kumi na moja kundi zima linamcheka, midomo wazi, ndimi nje. Ukurasa wa mwisho anawatafutia maji wakati wa kiangazi, wenzake wanamwomba radhi.

Nami nikasoma kama tunavyosoma hapa: mwalimu anasema, darasa linaitikia. "Kombo, kombo, mguu kombo, utafika lini?" Na watoto arobaini, "Kombo, kombo!" Nikabana sauti kama mbuzi. Nilijiona hodari. Darasa la tatu lilikuwa linatikisika kwa raha, na mwalimu mkuu akachungulia dirishani akatabasamu. Kengele ikalia kabla sijafika mwisho. Kesho yake wakataka nianze tena mwanzo, nikaanza tena mwanzo. Juzi nimekitazama kitabu kile. Kurasa za kucheka zimechakaa kwa vidole, pembe zimekunjika. Ule wa mwisho ni safi, hauna hata doa.

Wewe ulikuwa umekaa dawati la pili. Mguu wako mwembamba umeuficha chini ya ule mzima, kama ulivyozoea tangu ugonjwa ukupooze. Na mimi, dada yako, niliyekubeba mgongoni mpaka hospitali ulipougua, sikuona. Wallahi sikuona. Nilikuwa natazama kitabu.

Jioni ulinifuata jikoni. Ukasema, "Halima, kesho uruke ukurasa ule wa kucheka." Nikakujibu, "Ngoja mwisho, mwisho ni mzuri." Siku ya pili ukaniambia tena, nikakukatiza tena. Wakati huo uani pa shule watoto walishaanza kukuita Kombo. Siku ya tatu ulikuja tena, nikachoka na wewe, nikakupa jibu letu lile la watu wote. Nikasema, naanays, jina la utani, ni kitu gani bwana? Hapa nani hana jina la kilema chake? Rafiki wa Aabo anaitwa Langare kwa sababu anachechemea, na jina hilo kaliandika mwenyewe mlangoni pa duka lake kwa rangi nyekundu. Anaitwa, anaitika, anacheka. Zoea!

Ukanitazama. Ukasema, "Langare alipewa na wenzake, akiwa mkubwa. Mimi nimepewa na wewe."

Nikakuambia ukaoshe vyombo.

Mwisho wa muhula ukaomba kwenda kwa Ayeeyo. Aabo akaniuliza mimi, mwalimu, kama utapoteza masomo. Nikasema acha aende akanywe maziwa, atarudi na akili imetulia. Nilikupandisha mwenyewe kwenye lori, juu ya magunia ya sukari. Nilijua unakimbia nini. Nilijua, Sahra, na nikajifanya sijui, maana ningekubali kuwa najua ningelazimika kusimama mbele ya darasa na kusema nimekosea. Mwalimu wa miaka ishirini na mbili, mgeni kazini, atasemaje hivyo? Kiburi changu tu. Kisha mvua ikaja, na mbu, na homa, na hapakuwa na daktari wa karibu.

Nilikwenda kwa maalim wako wa dugsi, aliyekufundisha Qurani. Nikamweleza yote, nalia mpaka pua inatoka kamasi, nikamuuliza kama tawba yangu itapokelewa. Hakunibembeleza. Akasema, "Haki ya Mungu, Mungu atasamehe. Haki ya mja anayo mja mwenyewe." Nikasema mwenyewe amekufa. Akasema nikuombee dua, na nikakutaje kwa wema palepale nilipokudhalilisha, mbele ya walewale.

Basi Jumatatu nikasimama mbele ya darasa la tatu bila kitabu. Nikawaambia, "Jina lile la Sahra nililianza mimi. Nilifanya vibaya." Nikawaambia ulivyokuwa unamjua kila mbuzi wa Ayeeyo kwa kikohozi chake, na ulivyokuwa mkaidi wa hesabu mpaka ipatikane. Wakaanza kuitikia baada yangu, maskini, kwa mazoea. "Alikuwa mkaidi wa hesabu!" Nikawaambia hapana, leo msifuatishe mwalimu, kila mtu aseme lake.

Halafu mmoja akasema ulimpa nusu ya anjera yako. Mwingine, ulimwazima kifutio, hukukidai. Halafu Fardosa, yule mwenye sauti kubwa kuliko wote uani, akasimama. Alisema, "Mwalimu, ule wimbo wa kombo, Sahra alikuwa anauanza yeye. Kila asubuhi kabla hatujauanza. Alikuwa anasema tuuimbe haraka, uishe."

Nilitoka nje, abaayo. Niliwaacha watoto wa watu peke yao nikaenda kusimama nyuma ya choo, nimeuma mtandio.

Watu wananiambia nijifariji na mwisho wa kile kitabu. Mwisho ule siutaki tena. Mbuzi yule walimheshimu baada ya kuwatafutia maji. Na kama asingeyapata? Wewe hukutafuta maji. Ulikuwa mtoto wa miaka tisa uliyetaka kusoma bila kuchekwa, na hilo lilitosha, na mimi nilipaswa kulijua bila kuonyeshwa na picha.

Kitabu sikukichoma. Nimekifungia kabatini kwangu. Kabla ya kusoma chochote sasa nakisoma chote nyumbani peke yangu, na kila ukurasa najiuliza ni mtoto gani kwenye dawati gani atainamisha kichwa.

Barabara ikikauka nitakuja na Aabo, Ayeeyo atatuonyesha mahali. Nitasoma Yasin, nitakuombea. Msamaha sitaudai, ni wako, ukae nao ukitaka.

Kwaheri, Sahra. Mola akupe nafasi mahali ambapo hakuna anayechekwa. Na siku tutakapofufuliwa tukasimamishwa mbele yake, wewe na mimi, uanze wewe kusema. Useme polepole, useme yote. Naahidi safari hii sitakukatiza.

Dada yako,
Halima