Chatu wa Kambi ya Babu Yako

Mpwa wangu Rukia,

Salamu zikufikie huko kwenye baridi. Sisi hapa Kibokoni hatujambo. Goti la mamako limepoa, na mimi mjombako ningali na nguvu: juzi nimepandisha kabati ghorofani peke yangu.

Umeuliza kwa nini babu yako aliifunga kambi ya mahema kule Kizingo. Jamaa hukwambia wageni walipungua. Si kweli.

Nilikuwa kijana, na hema la watu kumi nikilisimamisha kwa mkono mmoja, wallahi. Siku moja barazani nikawahadithia wenzangu kwamba nimepigana na chatu mnene kama nguzo, pale kichakani kambini, akanikimbia. Maneno yakamfikia babu yako. Akakifyeka kichaka wiki nzima, asione hata gamba. Ndipo akaja barazani.

"Mwanangu, nambie kweli. Umemuona?"

Rafiki yangu akacheka: "Leo utaumbuka, shujaa!"

Nikaona haya. Nikasema, "Nimemuona, Baba."

"Basi. Siwezi kulaza watoto wa watu na chatu."

Kambi aliyoihangaikia umri wake wote akaifunga kwa neno langu. Mahema tuliyakunja sisi wawili, yeye kashika ncha hii, mimi ile, na kila kunjo likitukutanisha uso kwa uso. Nilitaka kumwambia kweli, kwamba hapakuwa na chatu, nikashindwa. Tulipofika hema la mwisho akanishika bega, akasema, "Ahsante, mwanangu. Umetuepusha na msiba."

Hakuna aliyewahi kunisikia nikilisema hili, Rukia.

Mjombako,
Twaha